“Wa Kwangu Watakuja Kunichukua Lini?”

*Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Kaptembwo, Nakuru. Tuna watoto wawili tuliowazaa, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4, na katikati yao yuko mvulana wa miaka 6 ambaye ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua kutoka Kisumu akiwa na miezi 8, na hajui mama mwingine ila mimi. Yeye ni maji ya kunde, sisi sote ni weusi, na watu huuliza mbele yake amefanana na nani. Mwalimu wake alinishauri nimsomee vitabu vya picha kuhusu mtoto aliye tofauti katika familia, nami nikanunua ile hadithi ya zamani ya bata mbaya. Tulipofika mwisho, alipoona yule ndege amewapata wenzake, aliniuliza: “Na wa kwangu watakuja kunichukua lini?” Sikuweza kumjibu. Sasa ni majuma mawili, na begi lake la shule linakaa karibu na mlango. Ndani ameweka sweta na gari lake la waya. Mume wangu anasema tungengoja akue kwanza. Mama mkwe anasema damu ni nzito kuliko maji na hakuna kitabu kitakachobadilisha hilo. Je, nimemharibu mtoto? Nikifiche kitabu? Na ni vitabu gani vinavyofaa?*

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara nyingi, na kila mara nimesita pale pale, kwenye sweta na gari la waya. Umeniuliza mambo matatu kuhusu kitabu, lakini naona linalokunyima usingizi ni moja: kwamba mtoto uliyemlea tangu akiwa na miezi minane anaweza kuwa anaishi kwako kama mgeni anayesubiri wenyewe waje. Nitalijibu hilo kwanza, kisha nirudi kwenye vitabu, maana nimefundisha chekechea na kushauri familia hapa Kisumu kwa miaka mingi na ninaviamini sana vitabu vya picha.

Hujamharibu. Swali alilokuuliza halikuzaliwa jioni ile. Watoto hutambua tofauti za rangi ya ngozi kabla hata ya kuanza chekechea, na wako amekuwa akisikia majirani wakiuliza amefanana na nani huku wewe ukibadilisha mazungumzo. Mtoto akiona jambo ambalo watu wazima hawalitaji, haliachi lipite. Hujitungia maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo hayo huwa mabaya kuliko ukweli. Kitabu kilimpa tu maneno ya kusema alichokuwa nacho. Na angalia alikuja kumwuliza nani. Hakumwuliza jirani wala mwalimu, alikuuliza wewe.

Hata hivyo, kitabu chenyewe hakina budi kujadiliwa, kwa sababu kina tatizo ambalo wengi wetu hatulioni. Hadithi hiyo iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark na kuchapishwa mwaka 1843, na sisi watu wazima tumezoea kuisifu kwamba inamfundisha mtoto anayedharauliwa asikate tamaa. Kwa mtoto anayechekwa shuleni, huenda ikamfaa. Lakini isome tena ukiwa umekaa mahali pa mtoto wako. Yai limo katika kiota kisicho chake. Kifaranga anadonolewa na kila mtu, na katika hadithi kamili hata mama bata, ambaye mwanzoni alimtetea, hufika mahali pa kutamani angekuwa mbali naye. Anatoroka. Anapita kipupwe kikali hadi anaganda katika barafu, na katika muda wote huo hakuna hata mmoja wa wale waliomlea anayetoka kwenda kumtafuta. Mwishowe anawaona bata maji weupe, wale ndege wakubwa wenye shingo ndefu, anajitazama katika maji na kugundua kwamba yeye ni wao. Andersen hata anasema waziwazi kwamba kuzaliwa katika ua wa bata si kitu, ikiwa ulitoka katika yai la bata maji.

Mtoto wako hakukosea kusoma, dada. Alisoma sawasawa kabisa. Hadithi ilimwambia kwamba aliye tofauti amewekwa kwa muda tu, na kwamba wa kwake ni wale wanaofanana naye, nao wako mahali fulani. Akafanya hesabu, akafunga begi.

Ninapokagua kitabu cha aina hii, kwa hiyo, huanza na ukurasa wa mwisho. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, na zile 31 zinaweza kusema mambo mazuri kuhusu upendo, kisha picha ya mwisho ikamwonyesha yule aliye tofauti akiondoka na walio kama yeye. Mtoto atalala na picha hiyo ya mwisho. Tena ataisoma bila msaada wako. Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wadogo wanaposomewa wameona kwamba hutazama picha karibu muda wote na maandishi kwa nadra sana. Wewe unasoma sentensi isemayo kwamba mama aliwapenda wote sawa, naye anaona kwamba watano wamechorwa chini ya bawa na mmoja amechorwa pembeni, mdogo, akiwa amezungukwa na karatasi nyeupe. Kati ya maneno na picha, kwake picha ndiyo yenye ukweli. Nilikuwa nikimsomea mtoto mmoja wa miaka mitano siku za Jumamosi, na kila tulipofika mwisho wa kitabu fulani aliweka kiganja chake juu ya pembe moja ya picha. Siku ya tatu ndipo niliponyanyua vidole vyake nikaona alichokuwa akikifunika: kiti kitupu mezani. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi bila kukiona kiti hicho.

Liko pia wazo, ambalo huenda mwalimu wake alikuwa nalo, kwamba hadithi ya wanyama ni salama zaidi kwa kuwa mtoto hatajiona moja kwa moja. Ukweli ni kwamba wanyama hawatabiriki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6 waliosomewa hadithi ya kugawana vitu. Waliosomewa hadithi yenye wahusika binadamu waligawa zaidi baadaye, na waliosomewa hadithi ile ile yenye wanyama wanaovaa na kusema kama watu hawakuongeza ukarimu. Hata hivyo, miongoni mwa hao wa wanyama, waliowaona wanyama kuwa kama watu waliguswa zaidi. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja atasikiliza habari ya bata na kuiacha palepale kwenye bata, na mwingine ataibeba yote hadi nyumbani kwake. Wako ni wa kundi la pili, na hilo ni jambo la kukupa moyo, kwa sababu kitabu chema nacho atakibeba vivyo hivyo.

Sasa nije kwa mume wako, ambaye naamini anasema anayosema kwa kumpenda mtoto. Kungoja akue kunaonekana kama huruma. Lakini mwanasaikolojia David Brodzinsky wa Marekani na wenzake, waliochunguza katika miaka ya 1980 jinsi watoto wanavyoelewa kulelewa na wasiowazaa, waligundua kwamba uelewa huu huja kwa ngazi. Mtoto wa chekechea anaweza kurudia neno bila kulielewa. Karibu na miaka sita au saba anaanza kutenganisha kuzaliwa na kulelewa. Baadaye, akikaribia miaka minane na kuendelea, ndipo anapoanza kutambua kwamba ili apate familia hii kuna nyingine aliyoipoteza, na hapo huzuni inaweza kuja hata kwa mtoto aliyekuwa na raha. Mtoto wako yuko kwenye ngazi ile ya katikati hasa. Mkingoja, hatangoja pamoja nanyi. Ataambiwa na binamu mkiwa mazishini, au na mtoto mwenzake wakigombania mpira, naye atajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba ana mama aliyekufa, na kwamba ninyi mlimficha. La pili ndilo gumu zaidi kuliponya.

Mwambieni, na mwambieni ninyi wawili mkiwa pamoja, mchana, siku isiyo na haraka ya shule. Maneno yawe machache na ya wazi. Unaweza kusema: “Uliniuliza swali zuri sana na sikukujibu. Nataka kukujibu leo. Wa kwako ni sisi, na hakuna anayekuja kukuchukua. Wewe ulikua katika tumbo la dada yangu. Alikuwa mama yako wa kukuzaa. Aliugua, mwili wake ukashindwa kufanya kazi, akafa. Nikaja Kisumu nikakuchukua, nikawa mama yako, na nitaendelea kuwa mama yako.” Kama hakufa kwa ugonjwa, sema kilichotokea kwa kiasi anachoweza kubeba, bila kutunga. Kuhusu baba aliyemzaa, mweleze mnachokijua, hata kikiwa ni kwamba huenda rangi yake nzuri ilitoka kwake, na msilobahatika kulijua mseme hamlijui.

Najua neno “akafa” linachoma ulimi, na kwetu tuna maneno mengi ya kulizunguka. Nakusihi usiseme kwamba amelala, wala kwamba amesafiri. Mtoto wa miaka sita bado anajifunza kwamba kifo hakina kurudi, kwamba mwili wa aliyekufa hausikii tena baridi wala njaa, na kwamba si mtu aliyekisababisha kwa kukosea. Ukimwambia amesafiri, begi litaendelea kukaa mlangoni, na safari hii litakuwa na sababu. Ukimwambia amelala, huenda ataanza kuogopa kitanda. Imani yenu kuhusu mbinguni mwelezeni pia, lakini baada ya neno lile la wazi, isiwe badala yake.

Mama mkwe mheshimu, ila katika hili usimwachie neno la mwisho. Kwanza, damu anayoitaja imo humo humo nyumbani: wewe ni ndugu wa tumbo moja na mama yake mtoto huyu, na Kiswahili hakikungoja wataalamu kikakuita mama mdogo, yaani mama. Pili, wahenga hao hao walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mwombe mumeo aongee naye faraghani, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi wake, amwombe asiseme habari ya damu mbele ya watoto. Na jirani akiuliza tena amefanana na nani, usigeuze mazungumzo. Mweke mtoto mkono begani na ujibu, “Amefanana na upande wa kwetu na upande wa baba yake, na ni wetu.” Atakuwa anakusikiliza wewe zaidi ya anavyomsikiliza jirani.

Vitabu, basi. Hicho cha bata usikifiche, kwa kuwa kitabu kilichofichwa hugeuka siri nyingine. Mkishamweleza ukweli, kirudieni siku moja akitaka, na mnapofika pale kifaranga anapotoroka, simama umwulize, “Mama bata angefanya nini alipoona hayupo?” Mpe karatasi achore. Nimeona watoto wakichora mama bata na tochi, mama bata juu ya bodaboda, mama bata akipiga kelele sokoni. Ibandike karatasi hiyo ndani ya kitabu mahali pake, na hadithi itakuwa imepata ukurasa ambao Andersen hakuuandika.

Kati ya vitabu vya nje vinavyotajwa sana kwa watoto wanaolelewa, viwili nitavipima mbele yako. Kimoja ni *Stellaluna* cha Janell Cannon, cha mwaka 1993: popo mchanga anatengana na mama yake, anaangukia katika kiota cha ndege, na mama ndege anamlea kwa sharti la kuacha desturi za popo. Picha zake ni nzuri ajabu, na urafiki wake na vifaranga haukatiki. Lakini mwishowe anampata mama yake akiwa hai, na mtoto wako hatampata wa kwake. Kwa sasa nisingemsomea. Pengine baada ya miaka miwili au mitatu. Kingine ni *A Mother for Choco* cha Keiko Kasza, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1992. Ndege mdogo anamtafuta mama anayefanana naye, anakataliwa na twiga, pengwini na wengine, hadi dubu anamwuliza mama angemfanyia nini, kisha anamfanyia hayo yote. Anapofika nyumbani kwa dubu anakuta watoto wengine, kiboko, mamba na nguruwe, hakuna hata mmoja aliyefanana na mama. Ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho unasema unachotaka kukisema wewe. Kasoro yake ni kwamba hakielezi mama wa kwanza alikwenda wapi, na mtoto wako atauliza. Ndiyo maana nasema ukweli utangulie, kitabu kifuate. Kitabu ni msaidizi mzuri wa mazungumzo, lakini ni mjumbe mbaya wa habari ambayo wewe hujaitoa.

Tafuta vilevile vitabu vyenye watu, hasa watoto wanaoishi na nyanya, shangazi au mama mdogo bila jambo hilo kuwa ndiyo shida ya hadithi. Mtoto anahitaji kuona nyumba kama yake ikiendelea na maisha yake ya kawaida: mvua inanyesha, mbuzi amepotea, chapati zinaungua. Maktaba ya umma hapo Nakuru ina sehemu ya watoto. Kaa na vitabu sakafuni, uvifungue mwisho kwanza kama nilivyosema. Tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, nayo ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za kwetu, bila malipo, nawe unaweza kuzichapisha.

Lakini kitabu ninachokitaka zaidi kwa mtoto huyu hakiuzwi popote. Nunua daftari lisilo na mistari, gundi na kalamu za rangi, mkae mkitengeneze pamoja kuhusu yeye. Ukurasa wa kwanza uwe na picha ya dada yako, hata kama iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho. Ufuate ukurasa wa Kisumu na ziwa, kisha ukurasa wa matatu siku mliyosafiri naye kuja Nakuru: ulikuwa umemfunga kwa leso gani, alilia au alilala, nani aliwapokea stendi. Mambo hayo unayajua wewe peke yako, na mtoto huyashika kwa nguvu, kwa sababu yanamwonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyekuja kumfuata. Mama bata hakwenda. Wewe ulikwenda hadi Kisumu.

Mkipenda kuongeza ndege, wapo wa hapo hapo kwenu. Kifaranga cha heroe, hao ndege wa ziwani tunaowaita pia flamingo, huanguliwa kikiwa cha kijivu, na rangi ya waridi humjia polepole kutokana na chakula. Watoto hupenda sana kusikia kwamba rangi inaweza kutoka katika sahani. Angalia tu asije akadhani kwamba naye anasubiriwa abadilike afanane nanyi. Mwambie heroe yupo kundini tangu akiwa kijivu.

Katika kusoma kwenyewe nina ombi moja kubwa: usimwonyeshe kidole mhusika aliye tofauti na kusema, “Unaona, kama wewe.” Mwache achague mwenyewe yeye ni nani katika hadithi. Mara nyingine atachagua kuwa mama, au kuwa mbwa aliyelala chini ya meza, na ana haki ya kupumzika huko. Wasomee watatu wote pamoja, si yeye peke yake, ili vitabu hivi visigeuke dawa ya mgonjwa mmoja. Yule wa miaka tisa huenda anajua zaidi ya mnavyodhani. Zungumzeni naye kabla, mmwombe awe mlinzi wa habari ya ndugu yake, na mmweleze kwamba haitumiwi kama jiwe siku ya ugomvi.

Baada ya kumweleza, tarajia maswali yale yale mara nyingi, pengine machozi, pengine ukimya kisha mpira. Hayo ni ya kawaida. Tafuta msaada wa ana kwa ana ukiona, kwa majuma kadhaa mfululizo, kwamba ameanza tena kukojoa kitandani, hali chakula vizuri, anaficha chakula, haachi nguo yako unapotoka, au amepoteza hamu ya kucheza. Usingoje hata siku moja akisema anataka kufa au kumfuata mama yake, au akitoka nyumbani na lile begi. Anzia katika hospitali ya kaunti hapo Nakuru, uulizie mshauri wa watoto. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo mchana na usiku. Na kama hamjawahi kuweka ulezi wenu kwenye karatasi, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu itawaelekeza, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 inaeleza jinsi mahakama inavyoweza kumteua mlezi, na ni afadhali kufanya hivyo kabla hajatokea wa kuzozana nanyi.

Kuhusu begi lenyewe, usilifungue bila yeye kuwapo, wala usimwamuru alitoe mlangoni. Mkishazungumza, kaa naye chini sakafuni, umwombe akuonyeshe alichofunga. Mwulize lile gari la waya lilikuwa la kumpelekea nani. Kisha mwachie begi lake, ulisubiri lirudi chumbani siku atakayolirudisha kwa mkono wake.